Mama Aweze Kusema Hapana: Mbinu za Kutengeneza Filamu ya Watoto Wagonjwa Kasongo na Kabambare

Mama ameketi ukingoni mwa kitanda. Mtoto amelala juu ya kikwembe, mkono wenye serumu umefungwa kwenye kipande cha katoni ili asiukunje. Wewe unaingia na kamera. Kando yako amesimama muuguzi, yule yule aliyehangaika na mtoto huyu usiku wa manane mpaka akaupata mshipa. Unauliza: "Mama, tunaweza kumpiga mtoto picha?" Mama hakutazami. Anamtazama muuguzi, kisha anajibu taratibu: "Haina neno."

Jibu hilo hukupewa wewe. Alipewa muuguzi. Lilipewa pia deni la hospitali ambalo bado halijalipwa, na hofu ya kwamba kesho asubuhi dawa isije ikachelewa kwa sababu mama amekuwa mkaidi. Anayetaka kutengeneza filamu za watoto wagonjwa katika Maniema ya kusini ana kazi moja inayotangulia kazi zote: kuhakikisha mama anaweza kusema hapana, na hapana yake isimgharimu kitu. Mambo ya kamera, sauti na montaji yana maana baada ya hapo.

Kwa nini filamu hizi zinafaa

Tusianze kwa woga tukaacha kazi. Katika miaka ya 1990 BBC ya Uingereza ilikuwa na mfululizo ulioitwa Children's Hospital, na familia nyingi ziliketi kila wiki kufuata maisha ya watoto wasiowajua. Kwetu pia kamera imewahi kuingia hospitali ikatoka na ukweli. Dieudo Hamadi wa Kisangani, aliyesomea udaktari kabla ya kushika kamera, alitengeneza na Divita Wa Lusala filamu fupi iitwayo Dames en attente. Inaonyesha akina mama wa Kinshasa waliokwisha kujifungua lakini wanazuiliwa wodini kwa sababu hawajalipa. Filamu hiyo ikaingia katika mkusanyiko Congo in Four Acts wa mwaka 2010, na watu wa mbali wakaona jambo ambalo kila familia ya Kongo inalijua.

Kumbuka vilevile surua. Kuanzia mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, Shirika la Afya Duniani lilihesabu nchini mwetu wagonjwa wapatao 310,000 walioshukiwa kuwa na surua, na vifo zaidi ya 6,000. Namba kama hiyo hupita masikioni kama upepo. Mtoto mmoja anayekohoa, akiwa na bibi anayempepea kwa ukindu, haondoki akilini. Mzazi wa Samba au wa Lusangi akimwona huyo mmoja, ataipeleka fishi ya chanjo kituoni siku inayofuata.

Anza bila kamera

Andika barua mapema. Hospitali ina mkurugenzi wake, zoni ya afya ina daktari mkuu wake, na Kindu kuna Divisheni ya Afya ya Jimbo. Wote wajue unachofanya, kwa muda gani, na filamu itaonekana wapi. Lakini tambua mpaka wa karatasi hizo: zinakufungulia mlango wa jengo tu. Hakuna daktari mwenye mamlaka ya kukupa uso wa mtoto wa mtu.

Kisha kaa pale wiki nzima mikono mitupu. Jifunze saa za wodi: madaktari wanapita saa ngapi, dawa zinagawiwa lini, familia zinapika uani wakati gani. Salimu kila kitanda, hata cha yule usiyefikiria kumpiga picha. Wakipika sombe wakakukaribisha, kula. Siku ya tano mtoto mmoja atakuuliza wewe ni nani na kwa nini huna mgonjwa. Mjibu kweli. Hapo ndipo kazi imeanza.

Wiki hiyo pia inakupa muda wa kukagua afya ya timu yako. Mwenye kikohozi au homa asiingie. Kila mmoja ahakikishe chanjo yake ya surua, anawe mikono kabla ya kila kitanda, na kamera ipanguswe kwa alkoholi. Katika wodi ya watoto wenye bwaki, yaani utapiamlo mkali, mafua yako madogo yanaweza kuwa ugonjwa mkubwa.

Kuomba ruhusa: nani, lini, kwa maneno gani

Muuguzi asiombe kwa niaba yako, wala asiwe mkalimani wako. Yeye ndiye ameshika sindano, hakuna atakayemkatalia. Ikiwa mama anatoka ndani ya Kabambare na anaongea Kibangubangu vizuri kuliko Kiswahili, tafuta mtu asiye mfanyakazi wa hospitali, na asiye jirani wa familia hiyo.

Usiombe siku mtoto anapoingia. Siku hiyo mama hasikii kitu. Ngoja mtoto apate nafuu, eleza, kisha ondoka. Rudi kesho uulize tena, na kesho kutwa. Jibu la siku ya tatu ndilo la kushika. Baba akiwa mbali, labda machimboni upande wa Namoya, uliza nani mwingine ana sauti juu ya mtoto: babu, shangazi, mjomba. Mama akikubali leo na baba akaja Jumamosi akakasirika, umemwachia mama ugomvi ambao hutakuwepo kuubeba.

Gawa ruhusa mara tatu. Ya kwanza ni ya kupiga. Ya pili ni ya kuonyesha, na inaombwa baada ya familia kuona kilichopigwa. Ya tatu ni ya kuendelea kuonyesha, maana mtoto wa miaka 7 atakuwa kijana wa miaka 17. Kwa sheria yetu ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Mkataba wako umtambue mtoto mwenyewe, na umpe haki ya kuomba atolewe akishakua.

Maneno yawe mepesi. Unaweza kusema hivi:

"Mama, mimi ninatengeneza filamu juu ya watoto wanaotibiwa hapa. Mimi si mfanyakazi wa hospitali. Ukikubali, mtoto hatapata dawa zaidi wala haraka zaidi. Ukikataa, hatapunguziwa kitu. Filamu itaonekana hapa Kasongo, Kabambare, Kindu, na katika simu za watu. Jirani zako wataiona, na walimu wa mtoto wataiona. Leo unaweza kukubali na kesho ukabadili. Ukibadili, usinieleze sababu. Niambie tu, au umtume mtu yeyote aniambie. Nisipokuwepo, mwachie ujumbe mama anayefagia."

Kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake alichoelewa. Akikuambia, "Utatusaidia kulipa," bado hajaelewa. Anza upya.

Na mtoto? Mwenye umri wa kuongea aulizwe yeye mwenyewe, mbali kidogo na wakubwa. Mpe ishara: akiinua kiganja, kamera inashuka. Mjaribu siku ya kwanza kwa mchezo, ainue kiganja mara tatu na kamera ishuke mara tatu, bila swali. Akishaona kwamba mkono wake mdogo unaweza kuzima kitu cha wakubwa, atakuwa na raha, na uso wake utakuwa uso wake kweli.

Fedha na zawadi

Hapa ndipo filamu nyingi huharibika kwa nia njema. Unamhurumia mama, unamlipia deni, anatoka. Kesho vitanda vyote vinakutazama kwa macho mengine. Ndiyo zote utakazopewa kuanzia saa hiyo zimenunuliwa.

Fanya hivi: amua kabla ya kuanza kiasi gani timu yako itatoa, na kitolewe kwa wodi nzima mwishoni mwa kazi. Sabuni kwa kila kitanda, mikeka, mafuta ya kupikia, makaa. Aliyekataa apate sawasawa na aliyekubali. Ukiguswa na hali ya mtoto mmoja, mpe daktari mchango bila jina lako na bila jina la filamu. Na usitoe ahadi. Usiseme "watu wakiona watakusaidia." Mama ataihesabu ahadi hiyo kila usiku.

Yasiyopigwa

Bandika orodha hii kwenye mfuko wa kamera:

- Mtoto aliyetendewa ukatili wa kijinsia: hakuna uso, sauti, jina, kijiji wala nguo inayomtambulisha. Vizuri zaidi, usimpige kabisa.
- Mtoto aliyejeruhiwa kwa risasi au panga, au aliyewahi kuwa na kundi lenye silaha. Upande wa Salamabila watu wameteseka na mapigano. Jina la kijiji likisikika pamoja na jeraha, mtu anaweza kulifuata.
- Mtoto aliye uchi, hata mdogo. Ngoja mama amfunike.
- Fishi na daftari za wagonjwa zenye majina na magonjwa yanayosomeka.
- Mtoto aliyezimia au anayetetemeka kwa degedege. Hawezi kuinua kiganja.
- Kitanda cha jirani ambaye hujamwomba. Geuza kitanda chako au geuza kamera.

Picha na sauti

Simu nzuri inatosha. Ilaze upande, iegemeze kwenye kitu, kisha keti mkekani. Jicho la kamera liwe sawa na jicho la mtoto. Ukimpiga ukiwa umesimama, kila mtoto anaonekana maskini. Ukiketi, anaonekana mtu.

Taa ya kamera iache nyumbani. Mtoto wa surua mwanga mkali unamchoma macho. Mama anamfunika kwa kikwembe na wewe unamwashia taa? Tumia dirisha. Saa mbili asubuhi na saa kumi jioni mwanga unaingia kwa upole, na ukuta mweupe unaurudisha usoni.

Umeme wa hospitali si wako. Mahali ambapo jua linalisha mashine ya oksijeni, usichomeke hata chaja ya simu. Njoo na paneli yako ndogo na betri za akiba.

Sauti inahitaji subira kuliko picha. Mvua ikipiga mabati huwezi kusikia neno. Fanya mahojiano asubuhi, au toka mpaka chini ya mwembe. Bana kipaza sauti kidogo kwenye kikwembe cha mama, karibu na bega. Kila siku rekodi dakika moja ya wodi bila mtu kuongea na wewe: mwiko kwenye sufuria uani, adhana ya mbali, kengele ya misheni, kikohozi, mtoto anayecheka. Katika montaji dakika hiyo itakuokoa.

Nakili kila jioni katika kadi mbili, zihifadhiwe mahali pawili. Picha ghafi zisitumwe WhatsApp, hata kwa mkurugenzi wa televisheni. Zikishatoka mkononi mwako, huwezi kuzirudisha.

Mkanda mdogo wa rangi

Nakupa mfano mmoja wa jinsi ya kusimulia bila kumvua mtu heshima. Watoto wa bwaki wanapimwa mkono wa juu kwa mkanda wenye rangi tatu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Juu ya hapo ni kijani.

Wengi huonyesha mbavu. Wewe onyesha mkanda. Siku ya kwanza, mkono wa muuguzi unauvuta taratibu kuzunguka mkono wa mtoto, dirisha dogo linasimama kwenye nyekundu. Kata, nenda kwa maziwa yanayokorogwa, kikombe kinachorudi kikiwa nusu. Siku nyingine, kikombe kinarudi kitupu. Wiki nyingine mkanda tena, na sasa uso wa mama uko nyuma yake kidogo. Anajua kuisoma rangi kabla muuguzi hajasema. Ikifika njano anashusha pumzi. Mtazamaji wa Kabambare ameelewa ugonjwa, tiba na matumaini, na mwili wa mtoto haukuonyeshwa zaidi ya mkono. Juu ya hayo, kila mama aliyetazama amejifunza mkanda ule ni wa nini.

Mfuate mtoto mpaka nyumbani

Mfululizo wa sehemu sita unatosha, kila moja dakika 13 hivi. Usiweke ugonjwa mmoja kwa sehemu moja kama darasa. Chukua watoto wanne, waache wapishane: mwenye malaria aliyeongezewa damu anatoka katika sehemu ya pili, mtoto wa SS (seli mundu), anayeijua wodi kuliko wauguzi wapya, anatoka na kurudi, wa bwaki anakaa, wa nne anahitaji kwenda mbali kutibiwa na familia inatafuta njia.

Sehemu mbili za mwisho ziwe nje ya hospitali. Kasongo yenyewe ilikwisha kuufundisha ulimwengu jambo hili. Katika miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, kazi ya waganga Wakongomani na Wabelgiji pamoja na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, ulichanja watoto dhidi ya surua. Timu haikuridhika na kuhesabu sindano. Iliwafuata watoto wa miezi 7 hadi 35 na kuuliza swali gumu: anayeepushwa na surua leo anaendelea kuishi, au anachukuliwa na ugonjwa mwingine kesho? Matokeo yao yalitoka katika jarida The Lancet mwaka 1981, na wataalamu wakayabishania miaka mingi. Swali lao lichukue liwe lako. Mtoto aliyetoka wodini akipunga mkono ni mwisho mzuri wa sinema, lakini kwake ni mwanzo. Njiani kuna baiskeli, mto, shamba la mpunga, nyumba yenye watoto wengine watano. Rudi baada ya miezi mitatu, bila kutangaza ujio wako kwa kijiji kizima, na uombe ruhusa upya mlangoni.

Mtoto akifariki

Litokee wakati umejiandaa. Kamera inazimwa papo hapo, na inatoka nje ya jengo. Usipige kilio wala mwili wala mama anayetolewa. Baki kama jirani: beba maji, tafuta usafiri ukiombwa, nenda mazishini mikono mitupu.

Usiulize lolote juu ya filamu mpaka matanga yaishe. Kwa familia ya Kiislamu ngoja hata arobaini ipite. Kisha mtume mtu wanayemheshimu aulize kama wangependa picha za mtoto zibaki au zitoke. Wengine watasema zibaki, kwa kuwa hawana picha nyingine yake. Wakisema hivyo, wape nakala yao wenyewe hata kama filamu haitatumia. Wakisema zitoke, zifute mbele yao.

Waonyeshe wao kwanza

Miaka iliyopita, mahali ambapo sitapataja, nilimpiga picha mvulana wa miaka 6 mwenye bwaki. Nilikuwa na karatasi yenye dole gumba la mama. Filamu ilirushwa, mtoto akapona, akaanza shule. Nilipokutana naye tena alikuwa na miaka 10, na wenzake walikuwa wakimwita Bwaki. Mama hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba siku ile alidhani filamu ni ya watu wa mbali. Hakujua kwamba kijiji chake nacho kina macho. Dole gumba lake lilikuwa kwenye karatasi yangu, lakini jambo lenyewe sikuwa nimemwambia. Tangu siku hiyo nimeacha kuonyesha filamu kwa wengine kabla ya wenyewe.

Kwa hiyo tundika shuka ukutani uani mwa hospitali, au nyumbani kwa familia ikitaka faragha, na uwaonyeshe montaji ya kwanza. Usikae mbele ukitazama filamu. Kaa pembeni uwatazame wao. Mama akiinamisha kichwa mahali fulani, andika dakika hiyo na umuulize baadaye, mkiwa wawili. Wauguzi waone pia, warekebishe makosa ya tiba. Lakini usiwape wao haki ya kufuta malalamiko ya mgonjwa. Hiyo si tiba. Baadaye ndipo upeleke kwenye redio na televisheni za Kasongo na Kindu, na ukate sauti peke yake kwa redio, maana Kabambare redio inafika mahali ambapo skrini haifiki.

Utajuaje kwamba umefaulu

Usihesabu waliotazama tu. Kuna kipimo kingine, na unaweza kukisoma ukiwa bado wodini. Katika siku zako za kazi lazima mama mmoja angalau akukatalie. Ikiwa wote wamekubali, rudi kwenye maneno yako ya kuomba, maana kuna kitu kinawaogopesha.

Na yule aliyekataa, mwangalie kesho yake bila kamera. Serumu ya mtoto wake imebadilishwa saa ile ile na ya wengine. Siku ya sabuni amepata kipande sawa. Asubuhi umepita kitandani pake ukamwamkia kama jana, ukamuuliza mtoto amelalaje, naye akakujibu akikutazama wewe, si muuguzi. Hapo unaweza kuwasha kamera kwenye kitanda kinachofuata.